Ngoma Juu ya Dari ya Bi Zuhura

Siku yangu ya kwanza ya kupiga dramu kwa mshahara nilifika hotelini saa mbili kabla ya wakati, na kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kubeba stendi za matoazi. Hoteli ilikuwa ng'ambo ya daraja, upande wa Nyali. Kiongozi wa bendi, mpiga saksafoni mwenye miwani minene, aliniacha nipige nyimbo tatu za mwisho. Wageni walipoondoka aliniita kando.

"Katana, mikono yako imefika kazini," alisema. "Mguu bado uko njiani. Nakupa mwezi mmoja."

"Mguu una nini, mzee?"

"Ukiujua utaniambia wewe."

Hakueleza zaidi. Viongozi wa bendi wa wakati ule hawakuwa na desturi ya kueleza.

Kwa asiyeijua seti ya dramu, nitasema kwa ufupi. Mikono hupiga ngoma za juu na matoazi. Mguu wa kulia hukanyaga pedali, na pedali hurusha nyundo ndogo inayopiga ngoma kubwa iliyolala sakafuni. Ngoma hiyo ndiyo inayoishika bendi nzima. Ikiyumba, wote wanayumba. Nilihitaji mazoezi ya kila siku, lakini ukumbi wa hoteli ulifungwa hadi jioni. Nikanunua seti kuukuu kwa mwanamuziki aliyekuwa akirudi kwao, nikaipandisha kipande kimoja kimoja hadi chumbani kwangu, Mji wa Kale, nyuma ya Ndia Kuu.

Nilikuwa nimepanga chumba cha juu kwa Bi Zuhura. Yeye aliishi chini na alikuwa na chuo: kila siku ila Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, watoto wa mtaa walikuja kwake kusoma Kurani. Mimi nilitoka Kaloleni, Mkristo, na alinipokea kwa sharti moja tu, nisilete pombe nyumbani kwake. Ngoma hatukuitaja, kwa kuwa siku hiyo sikuwa nayo.

Nilijiona mtu mwenye adabu. Adhana ikianza nilikuwa nikiweka vijiti chini. Ngoma za juu nilizifunika kwa taulo, na kingo za matoazi nikazivisha vipande vya tyubu ya baiskeli ili zisilie. Madirisha niliyaziba kwa magodoro ya sufi. Ilikuwa miezi ya kaskazi, na chumba kiligeuka tanuri. Nilipiga nikiwa nimevua shati, jasho likidondoka kwenye vijiti, nikiamini kwamba hakuna sauti inayotoka.

Wiki ya kwanza Bi Zuhura alisimama chini ya ngazi akaniuliza, "Katana, habari za huko juu?"

"Njema, Bi."

Wiki ya pili aliniletea sahani ya vitumbua. "Habari za huko juu? Hamna tabu?"

"Hamna, Bi. Ahsante sana."

Wiki ya tatu alileta vitumbua tena na swali lile lile. Nilivila nikimsifu moyoni. Kwetu Kaloleni, mwenye kero husema kero yake. Sikujua kwamba mwanamke wa Mji wa Kale anayekuuliza mara tatu habari za juu amekwisha kukushtaki mara tatu.

Mara ya nne hakuja na sahani. Alikuja na juzuu, kitabu cha mtoto wa chuo, akakifungua mbele yangu. Kurasa zilikuwa na vumbi jeupe.

"Hii ni chokaa ya dari," alisema. "Kila ukikanyaga, yaanguka. Juu ya watoto nastahamili, wataoga. Juu ya maneno ya Mungu sistahamili."

Nikashikwa na haya. "Lakini nimeziba madirisha yote, Bi."

"Nimeyaona. Kila apitaye aniuliza kama una ndui hata ukajifungia." Akafunga kitabu. "Ijumaa ikifika, ama ngoma itulie ama itoke. Wewe wakaa. Ngoma yatoka."

Ilikuwa Jumatatu. Mwezi wa kiongozi wa bendi ulikuwa umebakiza siku tisa. Ngoma ikitoka, kazi nayo ingetoka, na bila kazi nisingeweza kulipia chumba. Nilimweleza hivyo hivyo, bila kuficha. Kisha nikamwomba jambo ambalo hata leo sijui nilipata wapi ujasiri wa kulitamka. Nilitaka kusikia anachosikia yeye. Ila ningesikiaje chini huku nikipiga juu?

Alikitia kitabu kwapani. "Wataka mie nipige?"

"Kidogo tu, Bi. Watoto hawapo."

"Vua viatu uingie kwangu. Ukae pale nikaapo. Usiguse kitu."

Akapanda ngazi, buibui lake likifagia vidato. Nami nikaketi juu ya mkeka wake na daftari langu. Nilimsikia akiuliza kutoka juu, "Naanza na nini?"

"Chukua vijiti, Bi. Piga ile ndogo yenye taulo."

"Vijiti navijua. Waulize wanafunzi wangu."

Niliandika: ngoma ndogo, kama mtu anayefagia nyumba ya tatu. Akapiga matoazi: sikusikia kitu. Nikafurahi, maana taulo na tyubu zilikuwa zikifanya kazi. Kisha nikamwambia akanyage pedali.

Sauti ile haikuja kutoka juu tu. Ilitoka kila upande. Dari za nyumba zile hulala juu ya boriti, miti ya mikoko iliyopangwa sambamba, ncha zake zikiwa zimeingia ndani ya kuta za mawe. Niliweka kiganja ukutani, nao ulikuwa ukipigwa. Chokaa ikaniangukia gotini na kwenye daftari. Ndipo nikaelewa kosa langu. Nilikuwa nimepigana na hewa, nikayaziba madirisha, na kumbe kelele ilikuwa ikishuka kwa miti na mawe.

Nilipopanda nilimkuta bado amekaa kitini, akikanyaga taratibu, sawasawa kama saa ya ukutani.

"Kumbe ni cherehani tu hii," alisema. "Mie nimeshona kwa cherehani ya mguu kabla ya kufungua chuo. Nambia, huyo mkubwa wako hajakwambia wakimbia?"

"Amesema mguu uko njiani. Sikumwelewa."

"Mie sisikii mikono yako, nasikia mguu mtupu. Waanza vizuri. Kisha ukitaka kugeuza, wakimbia kama uliyeona mbwa. Ukishageuza, warudi. Wiki tatu nakungoja usikimbie."

Kugeuza alikokusema ni pale mpiga dramu anapoacha mwendo wa kawaida na kuzizungusha ngoma zote ili kuingia ubeti mpya. Mikono yangu ilikuwa ikinifichia kosa. Yeye, aliyekaa mahali ambapo mikono haifiki, alilisikia likiwa uchi.

Siku iliyofuata nilimwomba meneja wa hoteli mipira ya tenisi iliyochakaa. Nilichukua mbao mbili pana, nikatoboa matundu yasiyopenya, mipira ikakaa kati ya mbao bila kubingirika. Juu nikatandika zulia, nikaweka seti yote, na kiti pia. Ndani ya ngoma kubwa nikatia blanketi liguse ngozi zote mbili. Alhamisi Bi Zuhura akapanda tena, nami nikashuka. Bado ukuta uligonga. Nikarudi kukagua, nikaona ukingo wa ubao umeegemea ukuta. Nikausogeza shibiri moja. Akakanyaga tena. Nikasikia kitu kama mtu anayetembea pekupeku, na chokaa haikuanguka.

Ijumaa ngoma haikutoka. Siku zilizobaki sikufanya jingine ila kugeuza bila kukimbia. Kiongozi wa bendi alinisikiliza usiku mmoja tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kisha akabandika ratiba ya msimu yenye jina langu.

Ila sasa hapakuwa na wa kunisikia nikikosea. Kwa hiyo tukapatana: Alhamisi, siku chuo kinapofungwa, niweke ngoma kubwa sakafuni kwa dakika kumi. Chini yeye alitandaza shuka juu ya vitabu, akashika mpini wa ufagio. Nikikimbia, aligonga dari.

Nilifanya kazi katika hoteli nne, chini ya viongozi watano, nikiishi chumba kile kile, na Alhamisi zetu hazikukoma. Wawili waliniuliza nani alinifunza mguu. Nilipojibu kwamba ni mwalimu wa Kurani, walidhani nawatania.

Sasa nimestaafu. Vijana wa mtaa wa Ganjoni huja kuniuliza wanunue sponji gani ya kuzibia sauti ukutani. Wengine wana dramu za umeme, wanavaa vipokea sauti masikioni na kusema jirani hasikii kitu. Pedali bado inakanyagwa, nawaambia, na sakafu haina vipokea sauti. Mshuke, mkaketi kwa jirani, na apande yeye. Wengi hununua sponji.

Siku niliyostaafu niliteremka kwa Bi Zuhura. Alikuwa ameacha kufundisha, macho yamepungua nguvu. Nikamwambia nimefikiri kulipatia kanisa seti yangu, ili naye apumzike na kelele.

Aliukunja ukingo wa leso yake.

"Na Alhamisi?" akauliza.

Seti bado ninayo.