Mumbua na Mrushaji wa Kumalizia

Siku sita za wiki Mumbua alikunja shuka katika chumba cha dobi cha hoteli moja hapa Doha, shuka za vitanda ambavyo hakuwahi kuviona. Siku ya saba, Ijumaa, alisali kanisani Mesaimeer asubuhi, kisha hoteli ikawapa basi dogo, yeye na wenzake wakaenda uwanjani kucheza besiboli ya wasichana, ile ya mpira mkubwa waliyoicheza shuleni Kenya. Huko ndiko alikocheka. Wenzake walisema, ukitaka kuyaona meno ya Mumbua, ngoja Ijumaa.

Yeye ndiye aliyekuwa nahodha, na kocha pia. Binti yake wa miaka minne alibaki nyumbani Mwala kwa bibi yake, na kila Ijumaa jioni Mumbua alimpigia simu ya video akiwa bado na jezi yenye vumbi. Mtoto alimjua kwa nguo hiyo. "Mama wa mpira," ndivyo alivyomwita.

Msimu huo walianza vizuri, kisha wakawa wanafia mwishoni. Mrushaji wao, Peninah, alikuwa moto raundi nne za kwanza. Ya tano mkono ulilegea, mpira ukaja umechoka, wapinzani wakaupiga walivyotaka. Mechi tatu waliongoza, na zote tatu wakapoteza. Walihitaji mtu wa kuingia mwishoni, amalizie.

Bella alikuwepo. Msichana wa miaka ishirini na mmoja, alishika ncha za pili za kila shuka aliyokunja Mumbua, na usiku alilala kitanda cha juu yake. Kabla ya Doha hakuwahi kushika mpira huo. Mumbua alimfundisha mwaka mzima kwenye uchochoro nyuma ya bweni, wakirushiana soksi zilizoviringishwa: futa kiganja pajani, vuta pumzi, tazama glavu, usimtazame mpigaji. Mkono ulikuwa umekubali. Moyo bado, watu wakipiga kelele alitetemeka.

"Mwaka ujao huyu atawaliza," Mumbua alizoea kusema.

Halafu supavaiza wao, Silvesta, akamwita kando ya mashine. "Mkubwa amesema mkiingia nne bora, basi lenu linabaki na Ijumaa zenu zinabaki. Mkikosa, dobi itafanya kazi Ijumaa. Kila mtu atapumzika siku yake."

"Na mwaka ujao, kaka? Nina msichana namlea..."

"Mwaka ujao gani, Mumbua? Mimi nakuambia habari ya mwezi ujao."

Ligi yao ilikuwa na wiki moja ya kubadilishana wachezaji, katikati ya msimu. Manahodha walikubaliana, jezi zikabadilishana mikono, na hakuna kurudi mpaka msimu uishe. Akinyi, nahodha wa timu ya Umm Salal iliyojaa makadama, wafanyakazi wa nyumbani, alikuja na mwanamke mnene, mpole, jina lake Nasimiyu.

"Daka mipira yake kwanza, halafu ukatae," Akinyi alisema.

Nasimiyu alirusha mipira sita. Yote sita iliingia kwenye glavu ya Mumbua bila yeye kuisogeza, na kiganja kikamwaka moto.

"Unataka nani badala yake?" Mumbua alimwuliza Akinyi.

"Kale katoto kako, Bella. Mimi nina muda wa kukalea. Wewe huna, dada, usijidanganye."

Mumbua aliuliza yote. Bega lake je? Zima. Visa inaisha lini? Imeongezwa juzi, miaka miwili. Akatoa mkono.

Bella aliambiwa bwenini. "Ni mpaka msimu uishe tu," Mumbua alisema.

"Si ulisema mwaka ujao?"

"Tukikosa mwezi ujao, hakuna mwaka ujao, mdogo wangu."

Bella hakulia. Aliikunja jezi yake mara nne, pindo likiwa ndani, kama hoteli inavyotaka, akampa.

Ijumaa mbili Nasimiyu alimalizia, na mara mbili walishinda. Ikabaki mechi moja, dhidi ya timu ya Al Wakrah; wakishinda, wanaingia nne bora. Wiki hiyo baridi iliingia.

Walikuwa wanavaa viatu uwanjani ujumbe wa sauti ulipofika. Nyuma ya sauti ya Nasimiyu upepo ulipiga turubai, na watoto walicheka. "Dada Mumbua, nisamehe aki. Madamu amefungua kambi. Tuko jangwani tangu jana, napika. Sasa ni kila Ijumaa na Jumamosi mpaka Machi."

Mumbua aliusikiliza mara mbili. Nani Doha asiyejua kwamba baridi ikiingia familia hupiga mahema jangwani, na kadama huenda na sufuria? Lakini yeye alikuwa mtu wa hoteli. Mtu wa hoteli huuliza visa. Aliuliza bega. Hema hakuliuliza. Akinyi, kadama kwa miaka saba sasa, alilijua bila kuulizwa.

Raundi ya tano waliongoza kwa mbili. Mkono wa Peninah ukalegea. Mumbua alimwendea, akamkuta analia kimyakimya.

"Siwezi tena, kapteni."

"Rusha tu, mama. Hakuna mwingine."

Wote wawili waligeuka kutazama uzio. Bella alisimama pale, akiwa na jezi ya bluu ya Umm Salal, timu iliyokuwa imecheza asubuhi. Vidole vyake vilishika waya. Kelele zilikuwa kubwa, na hakuwa akitetemeka. Mumbua alimwona akifuta kiganja pajani, bila mpira.

Walipigwa nane kwa nne.

Ijumaa iliyofuata mashine za dobi zilinguruma kama siku nyingine. Silvesta alibandika ratiba mpya mlangoni: Mumbua Jumatatu, Peninah Jumatano, Bella Alhamisi. Mumbua na Bella walishika ncha za shuka, wakaivuta, wakasogeleana kuikunja.

"Umm Salal wanacheza saa nane," Bella alisema. "Akinyi alisema leo ningemalizia mimi."

Mumbua alipokea ncha mbili kutoka mikononi mwa Bella. Bella akachukua shuka nyingine.

Jioni simu iliita kutoka Mwala. Mumbua alikuwa na sare ya dobi. Mtoto alimtazama kwa muda, kisha akamgeukia bibi yake.

"Huyu ni nani?"