Kitanda Kimoja cha Ellowby

Ukitaka kujua nani yuko juu na nani yuko chini katika baraza la mfalme, usiwaulize wakubwa wenyewe, maana watakudanganya. Angalia wanalala wapi. Hamo Thirkell aliyajua hayo kuliko mtu yeyote Uingereza, kwa sababu kwa miaka thelathini na minne kazi yake ilikuwa kuwapangia malazi. Mfalme alipohama mji, Hamo alitangulia siku moja mbele na farasi wake mzee, orodha ya mfalme na kipande cha chaki, akapita mtaa kwa mtaa akiandika kwenye kila mlango jina la atakayelala humo. Mwenye nyumba alinung'unika, mkewe alilia, kuku wao walichinjwa, na jina likabaki pale pale mlangoni.

Lilibaki, yaani, mpaka wakubwa wawili wa baraza, Lodi Corve na Lodi Stanmere, walipoanza kumgombania mfalme. Mfalme mwenyewe alikuwa mgonjwa tangu utotoni, mwenye neno moja asubuhi na jingine jioni, na aliyetangulia kumwona baada ya sala ya alfajiri ndiye aliyeondoka na neno la siku hiyo. Basi kila mmoja wao akataka nyumba iliyo karibu zaidi na ya mfalme. Fahali wawili hawakai zizi moja, wanasema, lakini hawa walitaka zizi hilo hilo na kona hiyo hiyo, na kazi ya kuwatenganisha akaachiwa mzee mwenye chaki.

Stanmere naye alikuwa na mtu wake wa malazi, Gocelin Rudd, aliyekuwa akimfuata Hamo mtaani na kitambaa kibichi cha kufutia majina.

"We Gocelin, ondoa hilo tambara lako hapo! Hiyo ni chaki ya mfalme."

"Ya mfalme, au ya Corve?"

"Orodha ndiyo imesema. Mimi sina Corve wala Stanmere."

"Sikia, mzee mwenzangu. Nina pai ya bata bukini hapa mfukoni, bado ina moto. Futa mwenyewe, tukae tule."

"Kula peke yako, ikukwame."

Gocelin alicheka mpaka akakohoa. Miaka ishirini alimjaribu Hamo kwa pai, kwa mvinyo, kwa soksi za sufu, na hata mara moja hakufanikiwa. Hawakuwa marafiki. Lakini katika msafara ule wote wa watu mia nne, ni wao wawili tu waliojua magoti yanavyouma baada ya kupanda na kushuka farasi milango themanini kwa siku.

Kilichomvunja Hamo ni mji wa Tansley. Pale palikuwa na nyumba moja tu ya mawe karibu na mfalme, orodha ikampa Corve, Hamo akaandika. Watu wa Stanmere wakaja na mapanga. Walipomaliza, watumishi wawili walikuwa wamelala kizingitini wamekufa, na damu imeruka mpaka kwenye jina. Jioni ile ile mabwana wale wawili walikula meza moja, wakipeana chumvi na kuulizana habari za mbwa wao wa kuwindia. Msimamizi wa nyumba ya mfalme alimwita Hamo akamwambia aende akaandike upya, maana herufi hazisomeki.

Alikwenda, akaandika. Tangu siku hiyo uchovu ukamwingia mwilini na haukutoka tena. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Mkewe, Sabin, alikufa Hamo akiwa kaskazini anapanga malazi ya watu wasiomjua hata kwa jina, na aliporudi akakuta nyasi zimeshaota juu ya kaburi. Nyumba hakuwa nayo. Mtu aliyewagawia wengine nyumba maisha yake yote, yeye alilala juu ya mazizi, penye majani makavu na panya.

Alichotaka sasa ni kimoja tu. Katika abasia ya Ellowby, nyumba ya watawa, kwa desturi ya zamani, mfalme ana nafasi moja ya mtumishi wake aliyezeeka. Ni kitanda karibu na moto, mkate mmoja na jagi la pombe ya shayiri kila siku, na joho jipya kila Krismasi, mpaka kufa. Mzee aliyekuwa nayo alifariki wakati wa Kwaresima. Kinachohitajika ni barua yenye muhuri wa mfalme, na muhuri, tangu Pasaka, ulikuwa mikononi mwa Corve. Hamo alipiga magoti akaomba. Corve akaigonga muhuri ile barua huku anazungumza na mtu mwingine, wala hakumtazama.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, Hamo alimwona Corve akitolewa chumbani bila kofia, watu wa Stanmere wamemshika huku na huku. Kabla ya chakula cha mchana muhuri ulikuwa kwa Stanmere. Hamo alijua kitakachofuata, kwamba kila barua iliyotoka kwa Corve itaitwa irudishwe. Hakuaga mtu. Alipanda farasi, akaenda siku tatu mfululizo.

Na kwenye benchi la lango la Ellowby, kiatu kimoja mkononi, alimkuta Gocelin Rudd.

"Usiniambie," alisema Gocelin.

"Na wewe?"

"Nina barua. Stanmere alinipa wakati wa Kwaresima, kabla Corve hajampokonya muhuri. Farasi wangu kapewa kijana, Hamo. Nimetembea siku tisa kwa miguu. Tazama."

Hamo akatazama kidole gumba cha mguu wa Gocelin, kilichokuwa kimegeuka cheusi, akaangalia pembeni.

Bruda Aldhelm, mtawa mwenye kutunza ghala, alitoka akazisoma barua zote mbili, akajikuna kichwa. "Mihuri yote ni ya kweli. Kitanda ni kimoja. Wazee wangu, sisi hatutaki ugomvi na mkubwa yeyote. Hebu niambieni, leo hii muhuri anao nani? Barua yake ndiyo tutakayoifuata."

Gocelin alikuwa njiani siku tisa. Hakujua lolote. Alimgeukia Hamo, naye mtawa akamgeukia Hamo.

Hamo alisikia harufu ya mkate kutoka ndani. Alisikia magoti yake yakiuma. Hakuwaza kwa muda mrefu, na hilo ndilo la kusikitisha.

"Corve," alisema. "Ni Corve bado."

"Una hakika?" akauliza mtawa.

"Usimsumbue, Bruda," alisema Gocelin, akianza kuvaa kiatu chake polepole. "Huyu mtu nimegombana naye miaka ishirini. Nimemwekea pai ya bata bukini puani, na hakuyumba. Akisema ni Corve, basi ni Corve." Akasimama, akamshika Hamo bega. "Haya, bwana. Walau kimekwenda kwa mtu wa kweli. Umestahili."

"Unakwenda wapi?"

"Si kuna barabara? Nitaifuata."

Akaondoka akichechemea kuelekea darajani. Hamo alikuwa na muda wa kutosha kumwita, maana Gocelin alitembea taratibu mno, na zaidi ya mara moja alifungua kinywa. Kisha mtawa akasema, "Karibu ndani, baba, kuna baridi," naye akaingia.

Mnaotaka niseme hakupata usingizi, mtanisamehe. Alijitupa kitandani na viatu vyake mchana ule ule, akalala mpaka kesho yake. Alikuwa amechoka.

Habari za kuanguka kwa Corve zilifika Ellowby baada ya siku kumi na mbili. Abate, mkuu wa watawa, alituma mtu afuate barabara amtafute Gocelin, na mke wa msaga unga akasema ndiyo, mzee mmoja alipita akaomba maji, hakuonekana tena. Kitanda tayari kilikuwa na mtu, na Abate hakupenda kuandika barua. Alisema yaliyopita si ndwele.

Aldhelm peke yake ndiye aliyekuja na mkate akasimama mbele ya moto.

"Siku ile langoni, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Bruda."

"Na unalala?"

"Nalala vizuri," alisema Hamo, na machozi yakamtiririka. "Sijawahi kulala vizuri hivi tangu nizaliwe."

Mtawa aliuweka mkate juu ya meza, akaenda zake.