Tone la Matabishi

Bado nakumbuka, mwanangu, siku moja katika labo ya shule yetu pale Ruashi, na kila nikiikumbuka naudhika upya. Tulikuwa wanafunzi wapya wa kemia, wawili kwa kila meza, na mwenzangu alikuwa Kabedi, mtoto wa mama muuza unga. Kazi yenyewe ungeiona ya kitoto: pima chumvi kwenye mizani, iyeyushe, imimine katika chupa ya shingo ndefu, kisha ongeza maji mpaka kwenye mstari uliochorwa shingoni. Mpaka kwenye mstari, basi. Lakini mwalimu wetu, Madame Ngoie, alikuwa amesema wazi kwamba atakayeshindwa ataondolewa kemia apelekwe ushonaji, na baba yake Kabedi alikwisha kumtafutia cherehani. Kabedi aliichukia ile cherehani hata kabla ya kuiona.

Sasa msikilize huyu mtu. Alichuchumaa, jicho likawa sawa na mstari, akatia maji tone kwa tone mpaka yakafika pale pale panapotakiwa. Nikapumua. Halafu akatia tena kidogo.

"Hiyo ni ya nini?" nikamuuliza.

"Njo matabishi," akanijibu, wala hakucheka.

Unajua mama zetu wanavyouza unga. Meka, lile kopo la kupimia, inajazwa mpaka inaota kilima, kisha muuzaji anachota kiganja kingine anakitupia juu, ndiyo matabishi, nyongeza ya bure ya mnunuzi, la sivyo ataitwa mchoyo soko zima. Kabedi alipimia watu hivyo tangu alipoweza kushika meka. Mkono wake haukujua kusimama. Nikamwambia, "Kabedi, hapa hatuuzishe bunga. Hiyo chupa itakuambia aksanti?" Ndipo akaona maji yamepita mstari. Akachukua pipeti, akavuta yaliyozidi, maji yakarudi mahali pake. Akatabasamu, kwake mambo yameisha.

Madame Ngoie alikuwa nyuma yetu. Hakupaza sauti.

"Kabedi, ile maji umetoa, ilikuwa maji peke yake?"

Kabedi akaitazama ile pipeti.

"Umetoa na chumvi yake. Mustari iko muzuri, lakini ndani iko uongo. Mwaga yote, anza tena."

Hapo nilichoka kabisa, maana Kabedi alikataa. Aliikumbatia chupa, akasema ni dhambi kumwaga kitu kizuri, tena kosa lenyewe halionekani. Halionekani, anasema. Cherehani inamngoja nyumbani na yeye anabembeleza maji ya chumvi. Madame akasema kengele ikilia kabla hajajaza chupa upya, asirudi tena labo. Nilitamani kumnyang'anya niimwage mwenyewe. Mwishowe akaimwaga, machozi yanamtoka, akarudi kwenye mizani. Safari hii, maji yalipokaribia mstari, akaninong'oneza, "Ikifika, unishike mukono." Nikaushika, nikaubana mpaka akaguna. Bado ulikuwa unataka kuongeza.

Madame alichuchumaa mbele ya chupa, akaitazama sana, hadi nikaanza kuomba kimoyomoyo.

"Kabedi," akasema, "uambie baba yako akununulie koti nyeupe ya labo."

Mwanangu, nawaona ninyi ninaowafundisha leo. Mnapitisha mstari, mnapunguza kwa siri, mnaipiga chupa picha kwa simu, mnaniletea mkicheka. Mnanichosha. Basi sikia, sitarudia: ukipitisha kipimo, usikirekebishe kwa juu ili macho ya watu yaridhike, maana ulichoharibu kimebaki ndani. Mwaga, hata kama inauma, hata kengele ikiwa karibu, uanze tena. Na ukifika kwenye mstari, simama. Ukarimu una mahali pake, na si pale.

Mungu akulinde katika masomo yako, akupe macho mazuri na mkono mtulivu, na akuzidishie subira kuliko hii aliyonipa mimi.