Fomu Niliyopanda Nayo Mlimani

Niliondoka nyumbani Mbezi kwa sababu mbili, na mpaka leo naona haya kuzitaja kwa pamoja. Ile niliyowatangazia watu ni simu ya mpwa wangu Felista, mtoto wa marehemu dada yangu, kutoka kijijini kwetu juu ya Kinole, katika milima ya Uluguru. Alisema wapimaji wa ardhi wamefika, kila shamba linaandikiwa hati ya kimila, na kwenye orodha yao mashamba ya ukoo wetu yameandikwa majina ya wanaume wa kila nyumba. Jumamosi ungekuwa mkutano.

"Mjomba, njoo useme," aliniambia. "Mjomba aliyebaki ni wewe."

Sababu ya pili ilikuwa ndani ya mkoba wangu, kwenye bahasha ya kaki. Hiyo sikumtangazia mtu nje ya nyumba yangu. Ilikuwa fomu ya kuomba hati ya kiwanja changu kulekule kijijini, nilipojenga nyumba ya kupumzikia, na pale panapoandikwa jina la mmiliki nilishaandika jina la mwanangu Deo.

Kwa asiyetujua Waluguru, nieleze. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi inafuata wanawake. Mwanamume analima shamba la ukoo wa mama yake maadamu yu hai. Akifa, linarudi kwa watoto wa dada yake, si kwa wanawe. Sasa mimi nimeoa Mchaga, na Wachaga wanahesabu kwa baba. Watoto wangu, ukiwauliza Waluguru, ni wa kwa mama yao. Ukiwauliza Wachaga, ni wa kwa baba yao. Wamedondokea katikati. Haya yote niliyajua, na fomu bado nikaijaza.

Na mimi ni mhafidhina. Sijifichi. Nimefanya kazi ya ubalozi miaka thelathini, na vijana wa wizarani walikuwa wakiniita Mzee wa Polepole, wakidhani sisikii. Siasa yangu ni fupi: nchi haijengwi kwa kubomoa kila walichoacha wazee, wala haijengwi kwa kukiabudu. Badilisha, lakini waulize wenyewe kwanza. Wenye haraka wananiona kikwazo, wenye ukale wananiona mlegevu. Potelea mbali, wote wawili!

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, treni ya umeme iling'oa nanga Dar es Salaam. Jirani yangu wa kiti alikuwa mhadhiri kijana anayefundisha chuo kikuu Morogoro, jina lake Neema, mwenye maswali mengi kuliko abiria wa kawaida. Tulipofika Pugu alishajua ninakokwenda na ninalokwenda kufanya.

"Kwa hiyo mzee wangu, unakwenda kuwazuia watu wasipate hati?"

"Nakwenda kuwazuia watu wasiandikiwe kitu kisicho chao."

"Lakini si mila hizohizo zinazoturudisha nyuma?"

"Mila ipi? Hii inayompa mwanamke shamba?" Nilihisi damu inapanda. "Mnafanya makongamano ili mwanamke apate ardhi. Kule mlimani anayo tangu bibi yake, halafu mnapanda na karatasi kumpokonya. Nani karudi nyuma hapo?"

Akacheka mpaka watu wa viti vya mbele wakageuka. "Mzee, wewe ni mhafidhina wa ajabu."

"Wa kawaida kabisa. Wa ajabu ni anayekimbia hajui anakokwenda."

Nilijiona nimeshinda. Kisha, treni ikiipita Ngerengere, akaniuliza taratibu, kama anayeuliza natumia sukari au la: "Na watoto wako wewe, watapata nini huko?"

Nikatazama dirishani. "Hilo ni jambo linalohitaji kutafakariwa," nikamjibu.

Hayo ndiyo maneno ya kazi yetu. Ubalozini mtu hasemi hapana. Anasema amelipokea, atalitafakari, atalifikisha panapohusika, na kila mwenye akili mezani anaelewa kwamba limekufa. Miaka thelathini sikumbuki kulitamka neno hapana mbele ya mwenyeji wangu. Nilikuwa nikijivunia hilo.

Kabla ya saa mbili tulikuwa Morogoro, na milima ilikuwa imejifunika mawingu mpaka kiunoni. Nilipanda bajaji, tukakatiza mjini hadi Bigwa. Nikanywa supu na chapati mbili, halafu nikakodi bodaboda ya mtu mzima mwenzangu, maana vijana wanaendesha kama wamefumaniwa. Tukapita Kiroka, tukapita Mkuyuni, tukakunja kupanda Kinole. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake, na barabara ilikuwa utelezi mtupu. Wanawake walishuka na mikungu ya ndizi kichwani, wima, wakiongea, na mimi niliyekaa kwenye pikipiki ndiye niliyekuwa nikihema. Mahali fulani mtu alikuwa akimenya mdalasini, harufu ikatufuata kona tatu. Mwendo wa mwisho pikipiki ilikataa kabisa. Nikashuka, nikaukumbatia mkoba wangu, nikapanda kwa miguu, magoti yakinisema njia nzima.

Saa tisa alasiri nilifika. Kwenye baraza la nyumba yangu walikuwa wakinisubiri wanaume watano, akiwemo Methodi, mume wa Felista. Shikamoo zikamiminika. Nikapewa kiti chenye mto na kahawa, nikaitwa Mheshimiwa, nami nikafanya ninachokijua. Nilimsikiliza kila mmoja. Nikatafuta pa kukutania. Ilipofika saa kumi na moja tulikuwa tumeafikiana: kila shamba la ukoo liandikwe majina mawili, la mume kwanza, la mke chini yake. Niliandika rasimu kwenye daftari, nikaipigia mstari. Saa mbili tu! Geneva ingechukua miezi.

Felista akatokea shambani na wenzake, amebeba kikapu cha pilipili manga. Nikamsomea rasimu yangu kwa sauti. Akatua kikapu chini.

"Mjomba, hawa waliokubali ni akina nani?"

"Si wanaume wa hapa?"

"Wa hapa wapi? Wameoa hapa! Methodi kwao ni Tawa, shamba la kwao analo mama yake na dada zake. Na hao wengine hivyohivyo. Wanaume wa ukoo wetu wako huko walikooa wao. Wenye shamba ndio sisi, tulikuwa shambani. Umekaa kutwa unakubaliana na wakwe zako!"

"Ebo!" ndilo lililonitoka.

Mlangoni mwa jiko alikaa Mama Skolastika, mdogo wake marehemu mama yangu, anapukuchua maharage. Macho hakuyainua. "Kazunguka dunia nzima," akasema, "kaja kupotea kwao."

Wanaume wenyewe walicheka, Methodi zaidi ya wote. Niliichana ile karatasi ya rasimu. Mimi ninayewahubiria watu mila nilikuwa nimeisahau ya kwetu, tena ile ya mwanzo kabisa ambayo mtoto wa miaka saba pale kijijini anaijua. Nilikula ugali wangu, nikaweka mkoba uvunguni.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, tulikusanyika katika darasa la shule ya msingi. Wapimaji wawili walikaa mbele na orodha yao, pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Wanawake wa ukoo walijaza upande wa madirisha. Mwenyekiti akasimama akasema, "Sasa tunamwomba Mheshimiwa Balozi atupe busara zake."

Nikasimama. "Ndugu mwenyekiti, awali ya yote tunathamini sana juhudi zilizofanyika, na tunaamini kwamba katika moyo wa maelewano, suala hili linaweza kuangaliwa kwa mapana yake..."

Fimbo ikagonga sakafu. Ilikuwa ya Mama Skolastika. "Gaspari! Orodha hii, ndiyo au hapana?"

Nilimwangalia Felista, nywele zake bado zina vumbi la shamba ambalo orodha ile ilimwandikia mtu mwingine.

"Hapana," nikasema.

Lilitoka dogo. Nikalirudia kwa sauti: "Hapana! Na mniandike hivyo. Karatasi siikatai. Karatasi ni nzuri, tusipokuwa nayo atakuja mtu wa mjini na ya kwake. Ninayoikataa ni karatasi inayosema uongo. Shamba hili ni la wanawake wa ukoo huu tangu halijawa na mpaka wa mawe. Liandikwe kwa majina yao, kila nyumba na mwenyewe. Anayetaka kuniita mtu wa kale aniite, nimeshaitwa mabaya zaidi kwa lugha nne!"

Vigelegele vikapaa. Nilikuwa sijawahi kupigiwa vigelegele katika mkutano wowote, na nakiri nilivifurahia. Ndipo Methodi akasimama. Si mtu mbaya Methodi. Migomba ya lile shamba ameipanda kwa mikono yake.

"Mzee, mimi nimekubali," alisema. "Shamba ni la mke wangu, na wanangu watalima kwa kuwa mama yao ni wa hapa. Lakini nina swali dogo. Ile nyumba yako iko ndani ya shamba la ukoo. Hati yake itaandikwa jina la nani? Maana isije ikawa mkuki kwa nguruwe..."

"Kwa binadamu mchungu!" darasa zima likamalizia.

"Hilo," nikaanza, "ni jambo linalohitaji..." Nikajisikia nikiyarudia maneno yaleyale ya kwenye treni.

Mkoba ulikuwa miguuni pangu. Hakuna aliyejua kilichomo. Ningesema neno moja laini, mkutano ungekwisha, na Jumatatu fomu yangu ingepita na zingine. Nilimfikiria Deo, aliyechagua mwenyewe rangi ya ile nyumba, anayeleta watoto wake kila Krismasi na kuwaambia hapa ndipo kwetu. Iliniuma, siwezi kudanganya. Iliniuma mpaka nikawachukia wote mle ndani, kuanzia Methodi.

Nikaitoa ile bahasha. Nikasoma kwa sauti: "Jina la mmiliki: Deogratias Gaspari." Manung'uniko yakaanza upande wa madirisha. "Subirini," nikasema. "Fomu hii nilipanda nayo kimyakimya. Nilikuja kuwatetea nyie mchana na kujitetea mwenyewe uvunguni. Nayo jibu lake ni lilelile. Hapana."

Nikaiweka juu ya dawati, nikalikata jina la mwanangu mstari mmoja, juu yake nikaandika la Felista. Kisha nikatia saini pembeni ya masahihisho, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye mikataba. Saini ikaenda upande, nikawakabidhi wapimaji fomu. Hakuna aliyepiga kigelegele. Methodi alikaa chini polepole, akavua kofia.

Nje ya darasa Felista alinishika mkono. Alikuwa amelia. "Ufunguo baki nao, mjomba. Ungali hai, nyumba ni yako. Na mwambie Deo chumba chake hakuna atakayekigusa."

"Mwambie mwenyewe."

"Namba yake sina. Sijawahi kuwa nayo."

Hilo nalo nilikuwa silijui. Krismasi zote zile, watu wa damu moja, na hakuna aliyewahi kuuliza namba ya mwenzake.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, nilishuka na mkungu wa ndizi na furushi la mdalasini alilofunga Mama Skolastika. Njiani kote hadi Bigwa, na kwenye treni, nilipanga namna ya kumwambia Deo. Nilitunga sentensi nzuri, zenye mito pande zote. Alinipokea stesheni Dar es Salaam, akapakia mkungu nyuma ya gari, na hatujafika hata Buguruni akauliza, "Vipi baba, fomu imepokelewa?"

"Imepokelewa. Ina jina la Felista."

Akaegesha gari pembeni. "Felista yupi?"

"Binti wa shangazi yako. Binamu yako."

Sitaandika yote aliyosema. Alisema nimemfukuza kwao. Alisema watu wangu hawamtambui na wa mama wanamwita Mluguru, na kwamba mahali pekee alipokuwa napo nimempa mtu aliyekwishapata. Mengine yalikuwa kweli. Mwishoni akasema, "Ungeweza kunyamaza tu, baba."

"Ningeweza. Nimenyamaza miaka thelathini kwa mshahara. Hii ilikuwa kwetu."

Kama ni somo, basi ninalo hili: siku zote hizo nilikuwa mhafidhina wa viwanja vya watu wengine. Cha kwangu nilikificha kwenye bahasha. Sasa atakayeniuliza ninaamini nini ana haki ya kuniuliza pia imenigharimu nini, nami nitamjibu bila kutazama dirishani. Sijabadilika, wala sijutii. Nikiulizwa kesho nitasema vilevile.

Tulifika Mbezi. Deo alishusha mkungu, akaubwaga barazani, akasimama ameshika kiuno, uso umevimba kwa hasira. Nilikumbuka Mama Skolastika na fimbo yake. Yeye na Deo walifanana mdomo.

"Huyo Felista," akasema, "namba yake unayo?"

"Ya nini?"

"Nataka nimgombeze mwenyewe. Zaidi ya salamu za Krismasi simfahamu, hanifahamu, halafu anachukua nyumba. Nataka anieleze mimi, ndugu yake!"

Nikavaa miwani, nikatoa simu mfukoni, nikamsomea namba tarakimu mojamoja, polepole, asije akakosea hata moja.