Nyati wa Baba Mkwe Kageukia Nyumbani

Siku niliyokwenda kujitambulisha ukweni, nilipewa kesi ya kukirudisha nyuma kikosi kizima cha jeshi.

Mie hata mgambo sijapitia.

Naitwa Albano, nachonga vinyago Mwenge. Mchumba wangu Kokushubila ni binti wa Mzee Gozbert wa Mbagala, sajenti mstaafu. Mzee alishasema hamtoi binti kwa mtu anayekaa chini kutwa nzima akisubiri wazungu.

Nikaona nimlainishe. Nikamchongea nembo ya kikosi chake kwenye ubao wa mninga: nyati, na mkuki juu yake. Niliiga kutoka selfie aliyopiga Koku na baba yake, mzee kapiga bereti yenye nembo hiyo.

Sebuleni, mshenga wangu Ismail akaufunua ubao.

Mzee Gozbert akausogelea.

"Kijana, nyati wetu anatazama wapi?"

"Mbele, baba."

"Mbele ipi?"

Nikatazama bereti ukutani. Nyati kaangalia kulia.

Wangu, kushoto.

Kamera ya mbele ya simu ya Koku inageuzaga picha, kulia inakuwa kushoto. Mie nikachonga kama ilivyo, mpaka kope.

"Kulia ni mkono wa mkuki," mzee akasema. "Maana yake tunamfuata adui. Huyu wako anarudi nyumbani."

Ismail akaninong'oneza: "Ungemchongea na vumbi basi, ionekane anawahi."

"Baba, samahani, ni simu..."

"Simu ndiyo inashika patasi? Kikosi umekigeuza, binti yangu je?"

Koku kainamisha kichwa. Nikajua imeisha hiyo.

Mama Koku akatoka jikoni na bakuli la senene, panzi wa kukaanga wa kwao. Akautazama ubao. Akacheka mpaka akaweka bakuli chini.

"Baba Koku, si wewe huyu anayerudi nyumbani! Siku uliyokuja kuniposa kwetu Kamachumu, baba yangu katoka na panga akakukatie ndizi. Ulivyotoka mbio, ulikutwa wapi?"

"Mama Koku, kuna wageni."

"Alikutwa stendi! Na magwanda yake!"

Mzee akaingia chumbani. Akarudi na nyundo.

Ismail akasogea mlangoni.

Mzee akapigilia msumari, akautundika ubao, akaunyoosha.

"Mwezi ujao njoo na wazee wako," akasema bila kunitazama. "Na mtu akiuliza, nyati huyu anakwenda kuita wenzake."

"Sawa, baba."

Funzo ni dogo tu. Ukiharibu ukweni, acha kujitetea. Kula senene taratibu, mama mkwe anakuja.