Mazuku Inamungoja Mwenye Kulala

Nyinyi wageni mukifika Sake munaulizia volkano tu, simu mukononi kwa picha. Muulize basi mazuku! Iko nyuma ya mashamba yetu, kwenye mawe meusi: kibonde chenye majani mazuri, kimya kabisa. Utakuta mbuzi amelala ndani, macho wazi. Ndege wako chini. Na juu ya ule mbuzi hakuna hata nzi, maana nzi akishuka naye anakufa. Ni hewa mubaya inatoka mu udongo. Haina rangi, haina harufu, inatulia chini kama maji mu beseni. Muntu mukubwa anaweza kupita wima asisikie kitu. Akiinama kufunga kiatu, kwisha.

Wifi yangu Euphrasie alizaliwa pale pembeni. Mulimaji wa maharagi, maneno mengi, kichwa ngumu. Alinigombeza hata siku ya ndoa yangu! Kabla ya kukaa mahali kwenye mawe, anashusha kwanza kijiti cha moto. Moto ukizimika, anahama. Lakini vita nayo ina masomo yake. Kila mama wa huku kwetu Masisi alimufundisha mutoto wake: risasi ikilia, lala chini, usinyanyuke mpaka nikuite. Euphrasie alimuzoeza binti yake Mapendo ndani ya nyumba, akipiga sufuria. Sufuria ikilia, Mapendo anaanguka chini, tunacheka.

Njo vile, mu vita ya 2012, tulikuwa tunavuna asubuhi, upepo hakuna, risasi zikalia upande wa barabara. Sisi wote chini. Mapendo alikuwa ameenda kuokota kuni. Nikainua kichwa, nikaona kanzu yake nyekundu katikati ya kibonde. Amelala vizuri, mikono juu ya kichwa, kama alivyofundishwa.

"Mapendo! Simama!" mama yake akaita. Mutoto hakutikisika.

Nilimushika kitenge. "Mama Mapendo, watakupiga!"

Akaninyang'anya kitenge. Uchungu wa mwana, mzazi njo anaujua. Alivuta pumzi, akafunga mudomo, akaingia wima, risasi zinapita. Aliinama mara moja tu, akamunyakua mutoto, akamuinua juu ya kichwa chake, kule kwenye risasi, kwa sababu kule njo kulikuwa na hewa. Eh, Mungu wangu, niliichukia ile vita!

Mapendo alikohoa, akatapika, akarudi. Ila tangu siku ile hakulala tena. Alisinzia akikaa, mugongo kwenye ukuta. Alisema kule chini mbuzi alikuwa anamutazama, anamwambia asogee karibu.

Tulikimbilia kambi ya wakimbizi ya Lushebere. Mwaka uliofuata bunduki zikaanza kwenye kilima, kambi nzima ikaanguka chini. Mapendo akasimama. Mama yake alimuvuta, akamusihi, akamupiga hata kofi. Mutoto akakaza magoti, akalia, "Chini hapana, mama!"

Euphrasie akanyanyuka, akasimama mbele yake, akatandaza kitenge kwa mikono miwili. Risasi ilimupata yeye.

Tulimuzika siku ya pili. Wanaume walipoanza kumushusha, Mapendo alishika kamba, akapiga kelele kambi yote ikasikia: "Musimulaze! Baba zangu, ninawaomba, mumusimamishe!"