Miche Iliyolishwa Chumvi

Enzi za Wadachi, mume wangu alikuwa akishuka kwa mtumbwi hadi Ujiji kufuata chumvi ya Uvinza. Aliirundika nyumbani kwetu Rumonge, kando ya ziwa, na watu wa milimani wakaja kuibadilisha kwa maharage na samli. Safari zake zilikuwa ndefu. Mimi nilibaki na mama yake, mjane mwenye ulimi mkali. Nilimpenda, ingawa siku nyingine alinitia wazimu.

Kiwanja tulichokaa hakikuwa chetu. Mutware, yaani chifu wa pale, alimwazima mama mkwe kwa sharti moja: apande michikichi. Mvua zikiisha angemtuma mtu kuitazama. Miche ikisimama, tutakaa. Ikifa, tufunge virago. Hatukuwa na pa kwenda.

Mama mkwe aliitunza miche ile kuliko alivyonitunza mimi. Sasa, alikuwa amewaona wafugaji wakiwalambisha ng'ombe chumvi, na ng'ombe wakinawiri. Akakata shauri. Kila alipofagia ghala alizoa chumvi iliyomwagika, akaikoroga kwenye maji, akainywesha miche.

"Mama, muti inakulaka munyu?" nilimuuliza.

"Ng'ombe anakula, na muti itakula. Weye unajua nini?"

Basi. Nani abishane na mama mkwe, tena mwenye chumvi ya bure?

Majani yakaanza kuungua kwenye ncha, kisha kingo zote. Miche ikanyong'onyea. Yeye akazidisha dawa. Kilichonistaajabisha, na hadi leo hakijaacha kunistaajabisha, ni kwamba udongo ulikuwa umelowa. Nilitia kidole, nikakitoa na tope. Mche umesimama majini, unakufa kwa kiu! Samadi tuliyoitia ilikuwa pale pale chini yake, na majani yamepauka utadhani umepandwa juu ya mwamba.

Nikauchimbua mmoja kwa jembe. Vijizizi vyeupe, vile vinavyonyonya, vilikuwa vimesinyaa. Nikatafuna kipande cha jani: chumvi. Kumbe mizizi haikuwa imelala. Ilifanya kazi, ila chumvi ilijazana mlangoni, ikaingia yenyewe na kupanda hadi kwenye majani, chakula kikabaki nje. Na upande mmoja nikaona mizizi michache imepinda, imeukimbia udongo ule, imejipenyeza kando kwenye mchanga usio na chumvi. Nani aliiambia? Haina macho, haina ulimi. Nilipiga magoti nikasema Subhanallah, nikarudia tena na tena, na jembe bado liko mkononi.

Nikampa mama mkwe lile jani. Alilitafuna taratibu, akalitema kiganjani.

"Nimeiua," akasema. "Niliipenda, nikaiua."

Tukachimba mfereji wa kuteremkia ziwani. Tukabeba maji mtungi baada ya mtungi, tukamwaga hadi yatiririke na kuondoka na chumvi. Majirani walitucheka, eti wanawake wa wauza chumvi wanafua udongo. Kisha mvua kubwa ikatusaidia kufua. Miche mingi ilikufa. Michache ikachomoza jani jipya katikati, kijani kibichi, laini kama sikio la mtoto mchanga, na mimi nililigusa kila asubuhi kwa sababu sikuamini.

Mvua zilipoisha, mtu wa mutware akaja. Akaitazama miche yetu mifupi, majani ya chini yote yameungua, akatikisa kichwa.

"Hii imekufa," akasema. Akainama, akashika mmoja, akauvuta ili atuonyeshe.

Haukutoka. Akauvuta tena, kwa mikono miwili sasa, hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Mche ukakaa pale pale. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo.

"Wachilia!" Mama mkwe alipiga kelele, yeye asiye na hata shubiri ya ardhi, akimpigia mtu ambaye kijiji kizima kilimwinamia. "Weye, wachilia muti yangu!"

Akauachia. Akajipangusa mikono, akauangalia ule mche, kisha akamwangalia mama mkwe.

"Mukae," akasema.